Walikataa kungoja wiki tatu, wakangoja meli wiki kumi

Saa mbili kasorobo asubuhi, mwanamke wa miaka hamsini na moja amepiga magoti ndani ya tanuru la kuyeyushia chuma. Tanuru limepoa kama sufuria iliyooshwa jana. Anapitisha kiganja juu ya safu ya matofali, anasimama penye mshono mmoja, anaingiza ukucha. Ukucha unazama.

"Nani kapanga hili?"

"Mimi, Shangazi," anajibu mwenzake aliyechuchumaa ukingoni. "Ni uwazi mdogo tu."

"Chuma cha moto hakijui mdogo wala mkubwa. Kikipata pa kupita kinapita, halafu kinakufuata miguuni. Lichomoe."

Linachomolewa.

Kiwanda kizima kinamwita Shangazi, hata meneja aliyemzidi miaka minane. Kwa miaka ishirini na sita kazi yake imekuwa kujenga upya tumbo la tanuru. Moto hula matofali, na kila baada ya miezi minne tanuru huzimwa kwa siku kumi, mafundi wakaingia, wakabomoa safu iliyoliwa na kupanga nyingine. Siku ya kumi na moja chuma huyeyushwa tena na nondo hutoka.

Leo si siku ya kumi. Ni siku ya arobaini na tatu. Matofali yapo, mafundi wapo. Kinachokosekana ni ruhusa ya kuwasha, na anayeizuia yuko ofisi ya ununuzi ya serikali, hajawahi kushika hata koleo la kiwanda hiki.

Kanuni haina fumbo. Chuma cha mradi wa umma kinatakiwa kitoke kwenye viwanda vya ndani. Kama hakipatikani, na hapo tu, ofisi ya ununuzi inaweza kutoa kibali cha msamaha, mradi ukanunua nje.

Machi mwaka huu ofisi hiyo ilikiandikia kiwanda barua kuhusu daraja jipya linalojengwa ng'ambo ya mto, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka getini. Iliuliza kama kiwanda kinaweza kutoa tani mia nne za nondo nene, na ikataka jibu ndani ya siku saba.

Barua ilifika tarehe nane. Tanuru lilikuwa limezimwa tarehe saba. Shangazi alikuwa humo humo ndani, na nyundo yake ya mbao.

Karani wa mauzo, kijana mkweli kupita kiasi, alijibu siku ileile. Nakala anayo, na ameionyesha: "Kwa wiki hii hatuwezi kutoa mzigo, tanuru linajengwa upya. Tarehe kumi na saba tunawasha, na tani zote mia nne tutazikabidhi ndani ya wiki tatu."

Kibali cha msamaha kilipotoka, kilimnukuu hivi: "Kiwanda kimethibitisha kwamba hakiwezi kutoa mzigo."

Nukta. Sentensi ya pili wameimeza.

"Mtu ukimwambia naoga, nakuja, akaenda kutangaza mtaani kwamba umekataa wageni, utamwitaje?" anauliza Shangazi. "Mimi namwita mwongo. Wao wanamwita ofisa."

Tanuru liliwashwa tarehe kumi na saba kama ilivyoandikwa, na halikuzimwa tena hadi zamu hii ya sasa. Nondo za nje zilipakiwa melini. Zilichukua wiki kumi kufika. Wiki tatu za hapa jirani zilikuwa nyingi mno, daraja lilikuwa na haraka. Wiki kumi za baharini hazikuwa na neno.

Habari za nondo hizo Shangazi alizipata mezani kwake. Mkwe wake, mume wa binti yake mkubwa, ni fundi wa kufunga nondo kwenye daraja lilelile. Jioni moja walikuwa wakila, na mama mkwe akashindwa kujizuia.

"Hizo nondo zenu za kigeni zimekuja zimepindapinda?"

"Hapana, mama. Nondo nzuri kabisa."

"Zinapasuka ukizikunja?"

"Hazipasuki."

"Kula basi, usinikere."

Mkwe alicheka, kisha akaacha kucheka. "Lakini mama, zimelala matopeni tangu Juni, zinashika kutu. Nguzo ya tatu hata kuchimbwa haijachimbwa. Sijui walikuwa wanakimbilia nini."

Shangazi anasema usiku huo hakulala. "Kama zingekuwa mbovu ningepumua. Ningesema wametupita kwa ujinga. Kumbe hata haraka yenyewe haikuwepo. Na kisingizio chao ni mikono yangu, ni zile siku kumi zangu. Kazi niliyoifanya ili chuma kisimwagikie watu, ndiyo waliyoitumia kutufukuza."

Wenye kumbukumbu wanajua huu si msamaha wa kwanza. Miaka tisa iliyopita ilikuwa matangi ya maji ya mji, wakasema ni mara moja tu. Miaka sita iliyopita ikawa jengo jipya la hospitali, mara moja tu nyingine. Kila "mara moja" iliondoka na watu wake. Wakati wa matangi kiwanda kilikuwa na wafanyakazi mia tatu na kumi. Leo wako tisini na sita, na tangu tanuru lipoe wanapokea nusu mshahara. Shangazi amemhamisha mwanawe wa mwisho kutoka shule ya bweni, sasa anatembea kilomita sita kwenda na kurudi.

Kibali cha sasa kinaisha mwezi ujao. Ofisi ya ununuzi inataka kukiongeza kifunike sehemu yote iliyobaki ya daraja, na Alhamisi hii itasikiliza maoni ya umma na kuamua siku hiyohiyo. Meneja amewaambia wafanyakazi bila kuzunguka: kibali kikiongezwa, tanuru halitajengwa tena. Jengo litakuwa ghala la kuhifadhia nondo za meli. Kikikataliwa, Ijumaa kazi inarudi tanuruni.

Ofisi ilipoulizwa kwa simu kwa nini jibu la karani lilikatwa katikati, ofisa aliyepokea alisema taratibu zilifuatwa na suala la muda lilizingatiwa. Alipoulizwa ni muda upi, wa wiki tatu au wa wiki kumi, alisema yuko kikaoni. Alikuwa kikaoni siku tatu mfululizo.

Hadi hapo kitakachoamuliwa kiamuliwe, amri ya kiwandani ni kutogusa matofali. Shangazi na wenzake watatu wameyagusa. Wiki mbili sasa wanakuja asubuhi, bila malipo, wanapanga safu baada ya safu. Wiki iliyopita meneja alichungulia ndani ya tanuru, akawakuta wamefika kifuani.

"Sijaona kitu, Shangazi," alisema.

"Ndiyo maana wakakufanya meneja, baba," akamjibu. Tanuru zima lilicheka, na meneja naye.

Mkwe alijitolea kwenda Alhamisi kueleza habari za nondo zilizolala matopeni. Shangazi alimkatalia. "Ukisema pale, kesho yake huna kazi, na mjukuu wangu anakula kwa mikono yako. Wewe funga nondo zako. Mimi sina cha kuogopa, tanuru langu limeshapoa."

Atakwenda na jibu la karani, zima, lenye sentensi zote mbili. Ana swali moja tu la kuwauliza: meli ilichukua wiki ngapi?

Mafundi wa tanuru wana desturi yao. Kila safu ya matofali ni duara, na tofali linalofunga duara hugongwa kwa nyundo ya mbao taratibu, huku kila mtu amenyamaza. Hakuna anayekohoa. Wanasikiliza: tofali lililokaa vizuri hutoa mlio mzito, lililolegea hulia kama bati. Mtu akiongea, kasoro inapita bila kusikika, na chuma hakisamehi.

Safu ya juu kabisa imekamilika jana, imebaki nafasi moja ya upana wa kiganja. Tofali lake, kilo nane, Shangazi amelitoa kiwandani. Limefungwa kwenye kitambaa, liko juu ya kabati la jikoni kwake. Alhamisi ataliweka mezani mbele ya maofisa, kando ya barua.

"Tukifunga safu hatusemi," anasema, akijipangusa vumbi jeupe la nyusi. "Kwa hiyo Alhamisi nitasema mpaka koo likauke. Nataka Ijumaa ninyamaze."