Tulikiri Wote, Kabaki Mama Mdogo

Na msiniambie tena eti ni upepo. Upepo gani huo unachomoa karatasi ya pili peke yake, ya kwanza inabaki mlangoni na stepla yake?

Mama mdogo ni fundi cherehani. Majoho yote ya kwaya kashona yeye, kwenye kile chumba ambacho ukinyoosha mguu unagonga kitanda. Amenilea tangu mama afariki, kwa hiyo mkinisikia nafoka mjue kwa nini.

Watu walipoanza kuchukuliwa majumbani na hawarudi, wazee wa kanisa wakaandika tamko: "Tunakiri kwamba uhai wa mtu ni wa Mungu, na anayeuchukua tutamtaja." Karatasi ya kwanza maneno, na chini jina la msomaji, mama mdogo. Ya pili sahihi za wazee kumi na mmoja. Akaisoma Jumapili, mkaitika amina mpaka mabati yakatetemeka. Ikabandikwa mlangoni.

Jumanne wakaja mabwana wawili, viatu vinang'aa, na kopi ya karatasi ile ya kwanza tu. Mmoja akauliza, "Mama, hapa unakiri. Unakiri kosa gani?"

Akawaambia, wanangu, kuna kukiri kosa na kuna kukiri imani. Yule akacheka.

"Kwetu kukiri ni kumoja tu. Ijumaa uje ofisini ukiri vizuri."

Nikamfuata katibu wa kanisa, nikamuuliza karatasi ya sahihi iko wapi. Upepo. Mwalimu wa kwaya naye, upepo, neno kwa neno, kama wamefanya mazoezi ya sauti. Mzee mmoja akaniambia nipunguze moto, eti yeye alisaini kwa niaba ya mkewe. Mkewe tulimzika mwaka juzi!

Mwizi simjui, basi nawashuku wote, hata wewe uliyenipa mkono wa amani. Nikamwambia mama mdogo akane, aseme alishikishwa tu karatasi. Akatoa sindano mdomoni.

"Nikane nini? Nimesoma kwa sauti, watu mia tatu wamenisikia."

Mia tatu. Ndio nyie hao. Ijumaa saa mbili asubuhi anaingia ile ofisi, na akiingia na jina moja hatoki. Nimebandika karatasi mpya pale mlangoni, haina kitu. Njooni kesho muandike majina yenu, kwa hati inayosomeka.