Maji ya Kulowesha Uwanja

Kazi ya uwanjani niliipata kwa sababu ya trela. Wakati huo nilikuwa nalinda magari mjini Durban, mtaa wa Morningside, mbele ya mkahawa mmoja, nimevaa fulana inayong'aa. Wengi wetu Wakongomani tuliokuwa tukiishi Albert Park tulianzia hapo, kumwonyesha mtu kwa mkono arudi nyuma, asimame, kisha kumlindia gari mpaka amalize kula.

Mchana mmoja mzee mmoja Mzungu alikuja na pikapu inayovuta trela, na juu ya trela kuna gari lisilo na vioo, limezungushiwa mabomba ya chuma, limepondeka kila upande. Alitaka kuligeuza barabarani, likamshinda. Magari yakasimama nyuma yake, honi zikaanza. Nikagonga dirisha nikamwambia aniachie. Alinitazama kidogo, akashuka. Nililirudisha trela taratibu kwenye kichochoro, nikaligeuza bila kugusa ukuta.

"Umejifunzia wapi?" aliniuliza.

"Kongo. Nilikuwa dereva wa lori, Uvira mpaka Bukavu, njia ya milimani."

"Sasa kwa nini unalinda magari ya watu?"

Nikamrudishia funguo zake. Aliniandikia namba ya simu nyuma ya risiti ya mkahawa, na wiki iliyofuata nikapanda taxi mbili, ndizo daladala za kule, kwenda kwake.

Alikuwa na uwanja wa mbio za magari, nje kidogo ya jiji, kwenye vilima vya upande wa magharibi. Si mbio za magari ya kifahari. Ni magari ya kawaida yaliyozeeka, yanaongezewa vyuma, yanazunguka duara la udongo kwa kasi, na kugongana kunaruhusiwa. Madereva walikuwa mafundi bodi, mafundi bomba, mwalimu mmoja wa hesabu, kina baba na wana wao waliokomaa. Mimi nilipewa boza, yaani lori la tangi la maji. Kazi yangu ilikuwa kulowesha uwanja kabla ya mbio na katikati ya mbio.

Mtu asiyejua atadhani ni kazi ya kipumbavu. Lakini udongo ule ukikauka, vumbi linapaa na dereva wa nyuma haoni aliye mbele yake. Ukizidisha maji, magari yanateleza na kuingia ukutani. Patron, maana ndivyo nilivyomwita mzee yule, kama tunavyowaita kwetu wanaotupa kazi, alinifundisha mwaka mzima. Alikuwa akishuka uwanjani akichechemea, nyonga yake mbovu, anabonyeza udongo kwa kidole gumba, ananiambia, "Mzunguko mmoja tena, upande wa juu tu." Maji tuliyavuta kwa pampu ya dizeli kutoka bwawa lililo chini ya uwanja, linalojaa kwa mvua za msimu wa joto.

Baada ya mwaka huo mimi na mke wangu tulihama Albert Park, tukapanga vyumba viwili karibu na uwanja. Jirani yetu alikuwa mama mmoja Mzulu aliyestaafu. Alikuwa amefua mashuka ya hospitali maisha yake yote ya kazi, na sasa alifua sare za akina mama wa kanisani kwake, blauzi nyekundu na kola nyeupe, zinazopigwa pasi mpaka zinasimama zenyewe. Yeye ndiye aliyekuwa mkaguzi wangu bila kujua. Jumatatu baada ya mbio akinikuta mlangoni alikuwa akisema, "Jumamosi ulisinzia, mwanangu," nami nikajua upepo ulibeba vumbi mpaka barazani kwake. Hakusema kwa hasira. Mwanzoni mwa kila msimu patron alikuwa akipita nyumba kwa nyumba, yeye mwenyewe na nyonga yake, akigawa karatasi yenye tarehe za mbio. Ilikuwa Jumamosi moja ndiyo, moja hapana. Mama aliibandika karatasi ile kando ya friji, na Jumamosi za mbio hakuanika kitu.

Kisha patron akapata kiharusi. Alinusurika, lakini mkono wa kulia ulilala, na watoto wake wako ng'ambo. Uwanja ukapata wamiliki wapya, watu ambao sikuwahi kuwaona, na hao wakamleta meneja.

Ningependa kusema alikuwa mtu mbaya, ingenirahisishia kusimulia. Hakuwa mbaya. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, amewahi kuendesha kumbi za matamasha, anasalimia kila mtu, na alihifadhi majina yetu yote siku ya kwanza. Alileta vipaza sauti vipya na skrini kubwa. Mbio zikawa kila Jumamosi, na Jumapili asubuhi madereva wakaruhusiwa kufanya mazoezi, wakati makanisa yote ya pale yanaimba. Karatasi za tarehe zikafa. Tarehe zikawekwa kwenye simu, na jirani yangu simu yake ilikuwa ya vibonyezo.

Msimu wa baridi, ambao Durban hauna mvua, pampu ya bwawani ikazimika. Meneja akaniambia, "Tumia bomba la manispaa, wiki moja tu, fundi anakuja." Fundi alikuja kweli. Pampu ikafanya kazi siku mbili, ikafa tena. Siku ya tatu nilisimama pale bwawani na funguo za boza mkononi, nikajiambia nitamweleza Jumatatu. Halafu nikarudi kwenye bomba.

Jumatatu alinipita haraka, simu sikioni, akaniinulia kidole gumba. "Maji sawa?"

"Sharp, boss," nikasema, yaani sawa kabisa kwa lugha ya mtaani kule.

Jumatatu iliyofuata aliuliza tena, nami nikajibu vile vile. Mtu aliyekuja nchi ya watu na karatasi za ukimbizi hujifunza kutokuwa mleta shida. Unapoulizwa kama mambo ni sawa, unasema ni sawa, unaendelea na kazi. Nilijifunza hivyo mapema sana, wala sikuona kama ni uongo. Niliona ni adabu.

Wakati huohuo mabomba ya mtaani yakaanza kukauka. Si mara ya kwanza, maji ya jiji huja na kuondoka, na watu wamezoea kujaza ndoo. Ila safari hii yalikatika siku nne mfululizo. Manispaa ikaleta lori lake la maji, watu wakapanga foleni na madumu. Nikapita pale na boza langu limejaa, maji yakidondoka nyuma kwenye lami kwa sababu mfuniko ulikuwa haufungi vizuri. Hakuna aliyenitukana. Walinitazama tu nikipita, foleni nzima, mmoja baada ya mwingine.

Jioni mke wangu alikuwa amekaa mbele ya sufuria tupu.

"Leo tena maji haiko," alisema. "Na wewe uko unamwaga chini magari yachezee."

"Ni kazi."

"Kazi iko. Lakini ile maji inatoka wapi, Papa?"

Nikamwambia bwawani. Hata yeye nilimwambia bwawani.

Mkutano uliitishwa Alhamisi alasiri katika ukumbi wa kanisa la jirani yangu. Viti vilijaa, wengine wakasimama dirishani. Meneja alikuja peke yake, jambo ambalo lilinishangaza, maana angeweza kutuma barua. Watu walisema yao. Mwanamke mmoja alisema alimzika kaka yake Jumamosi huku mtangazaji wa uwanjani akimfunika mchungaji kwa sauti. Baba mmoja anayeishi nyumba ya mwisho, karibu kabisa na ukuta wa uwanja, alisema mwanawe mdogo sasa anatumia pampu ya pumu kwa sababu ya vumbi. Kisha jirani yangu akasimama, akiwa amevaa sare yake.

"Mimi sikuja kuzungumza habari ya kelele," alisema. "Nimeishi na kelele zenu tangu magari yale yakiwa mapya. Nataka kujua kitu kimoja. Sisi hatuna maji. Nyinyi mnamwaga maji. Yanatoka wapi?"

Meneja akajibu bila kusita, "Mama, yanatoka bwawani kwetu, kama zamani. Hatugusi maji yenu."

Nikadhani anadanganya. Aliwaangalia watu wale usoni na kuwadanganya, ndivyo nilivyodhani, na kabla sijapima nikawa nimesimama.

"Si kweli," nikasema kwa Kiingereza changu. "Pampu imekufa. Mimi ndiye dereva. Maji ninayatoa kwenye bomba la manispaa, wiki ya tano sasa."

Ukumbi ukalipuka. Meneja aligeuka akanitazama, na uso wake haukuwa wa mtu aliyekamatwa. Alikuwa kama mtu aliyepigwa kofi na mpita njia. Alijaribu kusema, watu wakamzidi kwa sauti. Akakusanya karatasi zake, akatoka kwa mlango wa pembeni. Watu wakanipa mikono. Baba wa nyumba ya mwisho alinikumbatia. Nami nikapokea yote hayo, nikarudi nyumbani nimenyooka.

Asubuhi nilimkuta meneja amekaa kwenye ngazi za jukwaa la watazamaji. Nilitegemea kufukuzwa. Alinionyesha simu yake, ujumbe wa fundi wa wiki tano nyuma: pampu imetengenezwa, inafanya kazi.

"Hukuniambia ilikufa tena," alisema.

"Nilikuwa nataka kukuambia."

"Nilikuuliza kila Jumatatu. Kila Jumatatu. Ukasema sharp."

Nilitaka kumwambia kwamba swali la kupita njiani si swali, kwamba ilimpasa ashuke bwawani aone kwa macho yake, kama patron alivyokuwa akishuka. Hilo ni kweli, hata leo naamini ni kweli. Lakini Jumatatu zile tano nilikuwa na mdomo, na sikuutumia mpaka nilipokuwa na ukumbi mzima nyuma yangu.

"Sikufukuzi," alisema. "Nikikufukuza sasa watanichoma." Akainuka akaenda.

Siku mbili sikulala vizuri. Siku ya tatu nikaenda kwa jirani yangu. Alikuwa anapiga pasi kola. Nikamweleza kila kitu, fundi, ile sharp, jinsi kijana yule alivyokuwa haelewi nini kimempata. Hakuacha kupiga pasi.

"Mbona unaniambia mimi?" aliuliza.

"Wewe ndiye uliyeuliza."

"Niliuliza mbele ya watu, nawe ulijibu nusu mbele ya watu." Aligeuza kola upande wa pili. "Jumanne tunakutana tena."

Jumanne nikasimama tena. Safari hii Kiingereza kilinikimbia, nikalazimika kuanza sentensi upya mara mbili. Nikasema meneja hakujua. Nikasema mimi nilijua na nikanyamaza kwa wiki tano, huku mke wangu mwenyewe akikosa maji ya kupikia. Hakuna aliyepiga makofi. Mtu mmoja nyuma akaguna "eish" polepole, basi. Baba wa nyumba ya mwisho alitazama chini muda wote. Meneja alikuwepo, na mkutano ulipoendelea walimpa nafasi ya kuongea, na safari hii walimsikiliza.

Pampu mpya ilifungwa mwezi huo. Mazoezi ya Jumapili yakafutwa. Mbio zikarudi Jumamosi moja ndiyo moja hapana, na ikakubalika kwamba panapokuwa na maziko, kanisa litapiga simu na vipaza sauti vitashushwa. Meneja aliniomba nizunguke naye nyumbani kwa watu kuwapa tarehe. Tulitembea siku nzima. Nyumba nyingine walitukaribisha chai, nyingine waliipokea karatasi kupitia nondo za geti. Kwenye nyumba ya mwisho baba yule aliipokea kutoka kwa meneja, akamshukuru. Mimi hakunisalimia. Sikumlaumu. Alikuwa amenikumbatia siku ile kwa sababu aliamini kwamba mwishowe mtu mmoja wa ndani amesema ukweli wote.

Njiani kurudi meneja aliniuliza kama kwetu pia watu husema sawa wakati mambo si sawa. Nikamwambia sijui kama ni kwetu au ni mimi. Alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu mkutano ule. Toka hapo Jumatatu alikuwa anashuka bwawani, nasi tunasimama pale dakika chache tukitazama geji ya pampu, na hapo ndipo nilipokuwa nikimweleza lililo bovu na lililo zima.

Alikaa msimu mmoja na nusu, kisha akapata kazi Johannesburg. Sasa uwanja unaendeshwa na kamati ya madereva wenyewe, kamati ya tatu tangu meneja aondoke, kwa hesabu yangu, na fundi bodi mmoja ndiye mwenyekiti. Ni watu wazuri, wanagombana sana. Nimesikia kwamba wenye ardhi wamepata ofa ya kujenga maghala, kwa kuwa barabara kuu ya kwenda bandarini iko karibu. Kila mtu ana maoni. Vijana wa mtaa wanasema maghala yataleta kazi. Madereva wanasema huo utakuwa mwisho wao.

Juzi nilimuuliza jirani yangu yeye angetaka nini, maana ndiye aliyepigana na uwanja kuliko wote. Alikuwa amekaa barazani na bakuli la maharage.

"Malori ya maghala yanapumzika siku gani?" aliniuliza.

Nikamwambia mimi nimekuwa dereva wa lori, na sijui siku ambayo yanapumzika.

"Basi hilo ndilo nitakalowauliza," akasema, akaendelea kuchambua maharage yake.