Mgongo wa Cheko

Shangazi yangu ameshona nguo za watu maisha yake yote. Mabibi harusi aliowavika hawana idadi, na kwenye picha zao yeye hayumo; labda kiwiko tu, akinyoosha pindo. Kwa hiyo mpiga picha za harusi wa mtaani kwetu alipotangaza kwamba anatengeneza filamu ya marafiki watatu wazee wanaosafiri pamoja, Shangazi alikuwa wa kwanza kugonga mlango wake. Alitaka jambo moja tu, uso wake uonekane. Tulimcheka, na mimi nilicheka kuliko wote.

Wenzake walikuwa rafiki zake wa tangu ujana: Mwalimu, aliyestaafu lakini hajaacha kusahihisha watu, na Cheko, ambaye hata msibani alikuwa akicheka. Filamu yenyewe ilikuwa ya kuungaunga. Gari la kuazima, kamera moja, na mwenye kamera ndiye dereva. Waliondoka wakigombania kiti cha dirishani.

Katikati ya safari Cheko alilala kwenye nyumba ya wageni, hakuamka.

Baada ya maziko mpiga picha alikuja na shauri lake. Kuanza upya hakuwezekani, na maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga. Shangazi avae kama Cheko, achukuliwe kwa nyuma tu, akipanda gari, akiingia hotelini, akifika mwisho wa safari. Na yeye mwenyewe je? Ataonekana kidogo, alisema mpiga picha huku akitazama pembeni. Shangazi alikubali kwa ajili ya marehemu. Mimi niliudhika, nikamwambia asiyekuwepo na lake halipo.

Gauni la Cheko lilikuwa limeshachukuliwa na wanawe, ikabidi ashone jingine. Hapo akafanya kosa ambalo fundi pekee angelifanya: alikata huku akimlilia mwenzake, na mikono ikafuata vipimo ilivyovizoea. Bega la kushoto la Cheko lilikuwa limeshuka, na gauni likatoka na bega hilo. Kitambaa kilikuwa kimekwisha. Ili gauni limkae, Shangazi alilazimika kushusha bega lake.

Nilikwenda nao kuwabebea mizigo. Alipokaa kitini amenipa mgongo, nywele zilinisimama. Hata kamera ilipozimwa, Mwalimu alimwinamia akamuuliza kama miguu bado inamsumbua. Mwenye miguu mibovu alikuwa Cheko. Shangazi alisema leo ina nafuu. Niliogopa, siwafichi. Jioni alivua gauni, bega halikurudi mahali pake.

Filamu ilionyeshwa ukumbini mchana wa Jumapili. Tuliona marafiki watatu wakiondoka. Njiani mmoja akatoweka bila maelezo, na wawili wakafika. Aliyetoweka alikuwa Shangazi. Nyuma yangu mama mmoja alimuuliza mwenzake taratibu, "Kumbe yule fundi naye alifariki?" Mwenzake akasema hana habari, ila Mungu amrehemu.

Nilitaka kugeuka niwaonyeshe kwamba yuko hapa, kando yangu, mzima. Shangazi alinibana goti nitulie. Alikuwa akilia. Upande wake wa pili Mwalimu, bila kuondoa macho kwenye filamu, aliutafuta mkono wake gizani.

"Cheko," alisema, "si nilikwambia tutafika?"

"Uliniambia," akajibu Shangazi.