Dereva wa Kisii aliyegoma kuendesha lori lenye jina la mtu mwingine

Ukungu haujaondoka kwenye mashamba ya chai wakati Roselyne Nyaboke anapopunguza mwendo kwenye kizuizi cha polisi karibu na Nyacheki. Lori la mwajiri wake limebeba mabati na saruji. Afisa anapokea leseni, anaingiza nambari ya gari kwenye simu na kusubiri kidogo.

"Gari ni la Gopal, dereva ni wewe, leseni iko sawa," anasema. "Endelea, mama."

Nyaboke, 41, anaondoa gari. "Zamani walikuwa wanaangalia taa na magurudumu tu," anasema, macho yakiwa barabarani. "Nani anaendesha gari la nani, hiyo hawakuwa na njia ya kujua."

Jambo hilo analijua kwa uchungu. Miaka minne iliyopita, mdogo wake Bravin Omwenga, seremala, aligongwa na pikapu akitoka kazini Nyamira. Dereva hakusimama. Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi kando ya barabara aliishika nambari ya gari. Bravin alifariki kabla ya kufikishwa hospitalini, akaacha mke na mtoto mchanga.

Polisi walipotafuta mwenye pikapu, walipata jina la mwalimu aliyekuwa ameshazikwa. Mjane wake alieleza kwamba mumewe alimuuzia dalali, na dalali akasema hakumbuki alimuuzia nani. Hakuna aliyebadilisha jina. Rekodi za madereva nazo zilitunzwa mbali na za magari, bila kuunganishwa. Kesi ikakwama.

"Tulikuwa na nambari, lakini hatukuwa na mtu," anasema Nyaboke.

Ndiyo maana mwaka jana alimkatalia mwajiri wake. Ankit, mwana wa mzee Gopal mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii, alinunua lori kuukuu. Nyaboke aliuliza liko kwa jina la nani.

"La aliyeniuzia. Tutabadilisha baadaye," Ankit akamjibu. "Wewe peleka mzigo."

Nyaboke aliweka funguo kwenye kaunta. "Nikamwambia, hili siliendeshi. Nikigonga mtu leo, watu wake watamtafuta nani?"

Ankit alikasirika, akatafuta dereva mwingine. Nyaboke akaenda kuuza mboga na dada yake sokoni Daraja Mbili.

"Nilikuwa na hofu, watoto wanahitaji karo," anakiri. "Lakini singerudi hivyo hivyo."

Aliyemaliza ubishi huo ni Meena, mamake Ankit. "Nilimuuliza kijana wangu, lori likiua mtu na polisi wakija hapa dukani, utawaambia si lako?" anasema.

"Nilidhani Nyaboke ana ukaidi tu," anasema Ankit. "Nilibadilisha jina, halafu nikampigia simu mwenyewe arudi kazini."

Mapema mwaka huu, Nyaboke alisikia kwamba rekodi za madereva na za magari zimeunganishwa. Alirudi kituoni Nyamira kuomba nambari ya pikapu itafutwe tena. Aliambiwa faili ni ya zamani. Alirudi tena, na tena, hadi Koplo Manasseh, aliyekuwa zamuni, akamwambia, "Keti hapa, tuangalie pamoja."

Jina likajitokeza. Wiki moja kabla ya Bravin kufa, dereva mmoja alitozwa faini katika kaunti nyingine kwa mwendo wa kasi, akiwa na pikapu hiyo hiyo. Kosa lilikuwa limeandikwa kwenye leseni yake miaka yote hiyo.

"Sikulia," anasema Nyaboke. "Niliuliza tu, sasa mnaenda kumchukua lini?"

Mtu huyo alikamatwa, akafikishwa mahakamani na kukanusha mashtaka. Kesi itaanza kusikizwa mwezi ujao. Nyaboke ameshaomba ruhusa kazini, na Meena amesema atafuatana naye.

"Sijui hakimu ataamua nini," anasema akiteremka kufungua mlango wa nyuma wa lori. "Mimi nitaketi mbele. Nataka jina lake lisomwe, na aitike."