Fundi Anayepuliza Vidole

Kila akiunga waya, fundi wa redio pale Garissa hupuliza vidole kana kwamba vimeungua. Guled, mwenye gari lililokuwa likifungwa spika, alizidi kuchanganyikiwa: spika mbili zenye ukinzani wa omu nne nne zinakuwaje omu mbili zikifungwa hivi, na nane zikifungwa vile?

“Walaal, ndugu yangu,” fundi akamwambia, “amplifaya ni mtu anachota maji kisimani. Ngamia wawili wakikunywa pamoja, huyo mtu anakufa. Wakipanga laini, anapumzika.”

Ngamia Guled aliwajua. “Sasa hawa wangu wanakunywa pamoja ama wamepanga laini?”

Fundi aliufuata waya mwekundu kwa kidole hadi mwisho, akarudi nao hadi mwanzo, akapuliza vidole. Kisha akamkabidhi Guled ufunguo wa gari.

“Sema bismillahi, uwashe wewe,” akasema, akavuka barabara.