Mzee Breki Ahamia Mtaa wa Watembea kwa Miguu

Wenyeji wa mtaa ule wa watembea kwa miguu walimwita Dada Maswali, maana kazi yake ilikuwa kugonga milango na kuuliza. Idara ya mipango miji ilitaka kujua kama watu wanaoweza kufika dukani, zahanati na shuleni kwa miguu wana hali njema kuliko wengine. Unalala vizuri? Ukiugua ghafla, nani atajua? Jana umecheka na nani?

"Jana?" muuza vitambaa alimjibu. "Labda uniulize nani sijacheka naye."

Dada Maswali aliandika jibu lile huku moyo wake uko nyumbani alikomwacha baba yake.

Baba yake alikuwa dereva wa malori, na wenzake walimbatiza Breki kwa sababu hakuwahi kugonga hata kuku. Kiharusi kilipomwachia mguu mzito, alihamia kwa bintiye, ghorofa ya nne, kando ya barabara kuu. Chini hapakuwa na pa kukanyaga, magari yakipita kama yamegombana na mtu. Basi mzee akashinda dirishani. Binti akirudi jioni, aliikuta chai ya asubuhi imepoa mezani.

Siku moja swali la kazini likamtoka. "Baba, jana umecheka na nani?"

Mzee alifikiri. "Na wewe. Ulipoangusha sufuria."

"Hiyo ilikuwa wiki iliyopita, Baba."

"Ndiyo hiyohiyo."

Binti aliingia jikoni, akafungulia maji ili kilio chake kisisikike.

Mwezi haukuisha, akapanga vyumba viwili vya chini katika mtaa ule aliokuwa akiupima. Mzee hakupendezwa hata kidogo.

"Nimekula barabara ujana wangu wote, leo unanileta kujifunza kutembea?"

"Ni hapo tu kwa kinyozi, Baba."

"Ndevu zangu hazina haraka."

Akajifungia ndani, kanuna. Binti akaanza kujilaumu. Pengine raha ya wengine ni ya wengine, na yeye amemhamisha mgonjwa kwa sababu ya hesabu za ofisini.

Alasiri moja alirudi akakuta mlango umerudishwa tu, kiti kitupu, fimbo haipo. Alitoka mbio hata kandambili moja ikabaki kizingitini.

"Unamtafuta Mzee?" muuza vitambaa alimwita. "Kapumzika hapa kwangu, kanikosoa nilivyopanga majora, kisha akaendelea zake."

Fundi viatu naye, bila kuulizwa, akanyoosha kidole kuelekea kwa kinyozi.

Humo alimkuta baba yake, shavu moja limenyolewa, jingine bado lina povu, akisimulia jinsi lori lilivyomkatikia breki mlimani. Kinyozi alikuwa amesimama na wembe hewani, amesahau kazi.

"Baba, umenitia hofu."

"Majani ya chai yaliisha. Nikasema niyafuate."

"Yako wapi?"

Mzee akaitazama mikono yake mitupu. Watu wakaangua kicheko, naye akacheka, na ule upande wa mdomo uliolegea ukapanda polepole, ukichelewa nyuma ya mwenzake.

Walirudi taratibu. Binti alitaka kumshika mkono, mzee akakataa. Walipofika penye ngazi ndogo ya njia, akatoa kiwiko mwenyewe, bila kumtazama.

Hakupona. Mguu ulibaki mzito, na siku za mvua alinuna kama zamani. Lakini akipitisha asubuhi bila kuonekana, kuna mtu hubisha hodi.

Kazini, binti aliomba abadilishiwe eneo, maana sasa aliishi mtaa uleule, na mpimaji hapaswi kuwa na upande. Akapewa majengo ya kando ya barabara kuu. Huko hugonga mlango, na mwenyewe akikawia kufungua, Dada Maswali husubiri.