Fagio Anajifunza Kula

Mume wa dada yangu ni askari wa zimamoto, na kwa miaka mingi sikuwahi kumwona akitafuna. Sitanii. Mlikuwa mkikaa mezani, unageuka kuchukua kitambaa ujifute mikono, ukirudi sahani yake iko nyeupe na macho yake yako kwenye yako. Wenzake kazini walimwita Fagio tangu mwaka wake wa kwanza, na jina likamganda hata sisi mashemeji tukalitumia. Yeye alilipenda. Ni mtu wa utani, ana kifua kipana na sauti nzito, na hana uvivu wa kumbebea jirani mtungi wa gesi hadi ghorofa ya tatu.

Haraka ile aliipata kituoni. Chakula cha mchana kinaletwa saa saba, watu wanane wanakaa kwenye meza moja ndefu hatua chache kutoka kwenye magari. Kengele ikilia, unaacha ulichoshika na kukimbilia buti zako. Alipokuwa mgeni kazini, Fagio aliacha chakula chake nusu mara nyingi. Anarudi jioni, uso mweusi kwa masizi, anakuta wali umekauka na paka wa kituo yuko juu ya meza anajilamba. Siku ya tatu ya kukuta hivyo akaapa hataacha tena hata punje. Akajizoeza kumaliza kwa dakika tatu. Tatizo ni kwamba siku nyingi kengele hailii. Basi anabaki amekaa, wenzake bado wanakula na kupiga soga, yeye mikono haina kazi. Anaongeza. Akimaliza hiyo nayo, anaongeza tena kidogo ili wasionekane wanakula bila yeye.

Ujanani haikumdhuru. Mtu anayepanda ngazi na mpira wa maji begani anaweza kula ukuta. Lakini alipopita miaka arobaini, mwili ukaanza kujiwekea akiba. Dada yangu, ambaye ni msusi na ana jicho la kupima vitu, alimnunulia mashati makubwa zaidi kimyakimya. Sare zilipoanza kumbana, Fagio alisema siku hizi washonaji wanabania kitambaa.

Kila mwaka askari wanapimwa. Wanakimbia, wanabeba mzigo, halafu wanavaa mkanda wa usalama na kupanda ngazi ndefu. Mwaka aliofikisha arobaini na sita, mkanda ulikataa kufunga. Fagio akavuta tumbo ndani, wenzake wawili wakashika ncha za mkanda na kuvuta, kila mmoja kwa upande wake, kama watu wanaofunga begi la safari. Ukafunga. Mtu mmoja pembeni akasema neno la kuchekesha, Fagio akacheka, na mkanda ukafunguka kwa mlio uliosikika uwanja mzima.

Wote walivunjika mbavu isipokuwa mkuu wa kituo.

"Fagio, ukikwama kule juu, nani atakushusha?"

"Nitashuka mwenyewe, mkuu."

"Hilo ndilo ninaloliogopa."

Akaondolewa kwenye gari na kupelekwa chumba cha simu kwa miezi sita, apunguze uzito kisha apimwe upya.

Chumba cha simu kiko juu ya karakana, na dirisha lake linatazama uwanja. Mna simu mbili, redio ya kuzungumzia na magari, na ramani ya mji iliyobandikwa ukuta mzima. Mna pia mama mmoja ambaye amepokea simu za moto kwa miaka thelathini, na katikati ya simu anafuma sweta. Kituo kizima kinamwita Shangazi, mkuu naye akiwemo.

Fagio alianza kwa ubabe. Alitangaza kwamba hatakunywa chai asubuhi wala kula mchana mpaka mkanda ufunge. Siku nne za kwanza alishinda hivyo, na kila mtu alimkimbia kwa sababu alikuwa anang'aka ukimsalimia tu. Siku ya tano, saa kumi jioni, uvumilivu ulimwishia. Akashuka dukani, akanunua mkate mzima, akaumaliza akiwa amesimama mlangoni mwa duka, hata hajatoka kwenye kivuli chake. Akaona ameshajiharibia siku, kwa hiyo nyumbani akala sahani tatu. Kesho yake akaanza kufunga upya kwa hasira. Mwezi ulipokwisha alikuwa ameongezeka kilo nne, na dada yangu aliniambia kwenye simu, "Mdogo wangu, njoo uongee na shemeji yako. Mimi akiniona nimeshika kijiko anadhani namsema."

Nilikwenda, tukaongea mpira wa miguu. Sikujua nianzie wapi.

Aliyejua alikuwa Shangazi. Mchana mmoja uliwaka moto kwenye kiwanda kidogo cha magodoro. Magari mawili yakatoka, Fagio akabaki kwenye redio. Kiongozi wa msafara akasema wanaingia ndani, halafu redio ikanyamaza. Dakika ishirini nzima zikapita bila neno. Hatimaye sauti ikarudi: moto umezimwa, watu wote salama. Fagio akajibu kwa utaratibu, akaandika kwenye daftari la matukio, akashusha pumzi. Kisha akatazama meza. Pakiti ya biskuti ilikuwa tupu. Karanga zimebaki maganda. Mbele yake palikuwa na karatasi ya mkate, haina mkate.

"Shangazi, nani kala mkate wako?"

"Umekula wewe," alisema bila kuinua macho kwenye sweta. "Na yale mandazi niliyowawekea wajukuu."

Fagio akaona aibu. Alinisimulia baadaye kwamba angeweza kuapa mahakamani kuwa hakugusa kitu.

Shangazi akaweka sindano chini. "Ulikuwa na njaa?"

"Sijui."

"Leo hukufunga, tumekula mchana pamoja saa saba. Sasa ni saa nane na nusu. Hapa kazini tunaandika kila simu inayoingia, saa ngapi na imehusu nini. Chukua daftari lingine, uandike kila kinachoingia mdomoni mwako hivyohivyo. Saa ngapi, na ni nini kilikuwa kinatokea kabla hujakishika. Usijizuie kula. Andika tu."

Akaandika wiki mbili. Nimeliona daftari lile, mwandiko wake ni mkubwa kama wa mtoto wa shule. Mistari yenye neno njaa ilikuwa michache, ya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Kulikuwa na "nimeona bakuli lipo karibu". Kulikuwa na "mkuu kanisema". Kulikuwa na "nimeshiba lakini kimebaki kidogo". Lakini mistari iliyojaa kurasa ilikuwa ileile: gari limetoka, gari halijarudi, redio kimya.

"Unajua, shemeji," aliniambia, "mle ndani ya moshi mimi sikuwahi kuogopa. Una kazi mikononi, utaogopa saa ngapi? Kumbe woga wote ulikuwa unanisubiri kwenye kile kiti. Nilikuwa tumbo joto, nikadhani ni njaa. Vyote viko sehemu moja."

Jioni ya siku wiki hizo mbili zilipotimia, alimweleza mkewe. Dada yangu alikuwa sebuleni, amemkalisha binti yao chini, anamsuka kwa ajili ya shule. Fagio akakaa kwenye kochi, akasema yote: redio, biskuti, mandazi ya wajukuu wa watu. Akamaliza kwa kusema kwamba hajui watu wanawezaje kusubiri.

Dada yangu alicheka kwanza, vidole vikiendelea na nywele.

"Mimi nimekusubiri miaka kumi na tisa, baba watoto."

"Hujawahi kusema."

"Ningesema ungefanya nini? Mwanzo nilikuwa nalia. Ukitoka usiku au mchana, nasikia king'ora kinapita, nalia. Halafu siku moja mtoto wa jirani alikuwa amekuja kucheza, nikamshika nikamsuka. Nilipomaliza, ulikuwa umerudi. Baada ya hapo kila king'ora kikipita natafuta kichwa. Wewe ulifikiri ususi niliusomea wapi?"

Wateja wa mkewe walikuwa wanatoka mitaa mingine, wanapanga foleni, na muda wote Fagio alidhani ni kipaji tu. Binti yao, kichwa kimeinamishwa, akauliza kama yeye pia alikuwa anasukwa kwa sababu ya moto. Mama yake akamwambia hapana, wewe unasukwa kwa sababu mwalimu analalamika.

Kesho yake Fagio alimwomba Shangazi amfundishe kufuma. Habari ilienea kituoni kabla ya saa nne. Wenzake walipanda hadi mlangoni mmojammoja kumwona askari mwenye kilo mia na kumi na mbili akihesabu vitanzi kwa midomo. Aliwaacha wacheke. Mkono ulioshika sindano mbili na uzi hauingii kwenye mfuko wa karanga. Alifuma kitu kirefu, cha rangi ya machungwa, ambacho hadi leo hatujui ni nini. Redio ikinyamaza alifuma kwa kasi, ikisema "salama" anapunguza. Karanga zenyewe alizihamishia kabatini upande wa pili wa chumba, kwa sababu daftari lilikuwa limemwonyesha kwamba cha karibu hukila bila kujua na cha mbali hukifikiria kwanza.

Na aliacha kufunga. Shangazi alikuwa mkali hapo. Alimwambia kwamba mtu aliyeruka chai ya asubuhi hapigani na biskuti saa kumi, ameshashindwa. Kwa hiyo alikunywa chai na yai, akala mchana, akala jioni, bila kuruka.

Kazi kubwa ilikuwa nyumbani. Dada yangu aliweka utaratibu: chakula kinapakuliwa jikoni, sufuria linabaki jikoni, na baba anaweka kijiko chini kila baada ya tonge. Binti yao ndiye aliyekuwa msimamizi, na hakuwa na huruma. "Baba, kijiko." Ilibidi aende naye sambamba, na yule mtoto anakula huku anasimulia habari za darasa zima. Siku za mwanzo Fagio alitoka jasho kwa kungoja. Nilikuwepo siku moja ya wiki ya kwanza. Alitafuna, akasimama, akatafuna tena, akamtazama mkewe kwa mashaka.

"Mama watoto, siku zote maharage yako yana chumvi hivi?"

"Miaka kumi na tisa," alisema dada yangu. "Karibu mezani."

Tukacheka mpaka mtoto akapaliwa. Lakini katikati ya kucheka kule nikaona shemeji yangu amesogeza sahani pembeni ikiwa na chakula kidogo. Hakujilazimisha. Alisema kuna kitu kimemgonga, kama mtu anayebisha hodi kwa upole, kinamwambia imetosha. Alisema pengine kilikuwa kinabisha siku zote, ila kilifika yeye akiwa ameshamaliza sahani ya pili.

Kuna siku alirudi nyuma. Askari mwenzake mmoja alivunjika mguu kwa kuangukiwa na boriti, na Fagio ndiye aliyepokea taarifa. Alikula kila kilichokuwa kabatini, sindano zikiwa mezani hazijaguswa. Jioni akamwambia Shangazi kwamba kazi yote imepotea. Shangazi akamsukumia daftari. "Andika. Halafu twende tukamwone mgonjwa." Wakaenda, wakamkuta amening'inizwa mguu, analalamika kuhusu mto wa hospitali. Fagio alirudi nyumbani amechangamka, akala chakula chake cha kawaida.

Miezi sita ilipotimia akapimwa. Mkanda ulifunga bila msaada wa mtu, akapanda ngazi hadi juu na kushuka. Alikuwa amepungua kilo kumi na tatu. Si mwembamba, na hatakuwa mwembamba. Bado akiingia mlangoni chumba kinajua.

Aliporudi kwenye gari aliona hatari iliyokuwa inamsubiri pale mezani: watu saba wanameza kwa kuwahi kengele. Akaenda kwa mkuu wa kituo na ombi moja. Kengele ikilia, mpishi afunike sahani zote aziweke kabatini, na watakaporudi wapashe moto wale. Mkuu akamtazama. Akauliza kwa nini hakuna aliyewahi kuomba jambo hilo miaka yote. Fagio akasema, kila mtu alikuwa na chakula mdomoni. Kabati likapatikana wiki ileile, lina mlango wa kufunga, na paka alikasirika sana.

Mwaka uliofuata nikaoa. Kwenye karamu nilimwona shemeji akienda kwenye meza ya chakula mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, akicheza katikati, jasho linamtoka. Nikaingiwa na wasiwasi. Nilimjua: kesho atajinyima chakula kama mwanzo, atang'aka, na dada yangu atanipigia simu. Asubuhi nikaondoka mapema kwenda kwake.

Nilimkuta barazani, mbele yake chai, yai na kipande cha mkate, anasoma gazeti.

"Shemeji, hujambo? Nilidhani leo huli."

"Kwa nini?"

"Jana ulikula sana."

"Jana nilikula harusi yako," alisema. "Ilikuwa nzuri. Leo ni leo, nakunywa chai." Akatia sukari kidogo, akakoroga, halafu akanitazama vizuri kuanzia viatu hadi shati la jana. "Sasa wewe niambie. Umeoa jana. Saa hizi unafanya nini nyumbani kwangu?"